Asilimia 31 ya Idete: Namna takwimu zinavyopima chanjo ya malaria

OKTOBA 1994 kijiji cha Idete, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kilitajwa katika kurasa za jarida la tiba la The Lancet la Uingereza. Jarida hilo lilichapisha matokeo ya jaribio la kwanza barani Afrika la kupima uwezo wa SPf66, chanjo ya malaria iliyobuniwa nchini Colombia na Dk. Manuel Patarroyo.

Jaribio hilo liliendeshwa na watafiti wa kituo cha Ifakara wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo. Lilihusisha watoto 586 wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Kati yao, 274 walipata dozi tatu za chanjo na 312 walipata sindano ya kulinganishia. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, na wazazi na wahudumu hawakujua nani amepata ipi.

Matokeo yalionyesha kuwa chanjo ilipunguza ugonjwa wa malaria kwa asilimia 31. Katika bonde ambalo mbu waenezao malaria huuma mwaka mzima, kupunguza ugonjwa huo kwa karibu theluthi moja lilikuwa jambo la kutia moyo.

Hata hivyo, pembeni mwa asilimia hiyo palikuwa na tarakimu nyingine zilizohitaji kusomwa kwa makini: masafa ya uhakika ya asilimia 95 yaliyoanzia sifuri hadi 52, na thamani ya p ya 0.046.

Ili kuelewa tarakimu hizo, yafaa kumfikiria mkulima wa mpunga anayejaribu mbegu mpya katika jaruba moja na mbegu ya zamani katika jaruba jingine. Jaruba la mbegu mpya likitoa magunia mengi zaidi, huenda ni ubora wa mbegu, lakini huenda pia ni udongo, maji au bahati tu.

Mtafiti huanza kwa kudhani kwamba hakuna tofauti. Dhana hiyo huitwa nadharia tete ya kutokuwapo tofauti. Kisha hujiuliza: iwapo chanjo haifanyi kazi kabisa, je, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama iliyoonekana, au kubwa kuliko hiyo?

Jibu la swali hilo ndilo thamani ya p. Kwa Idete lilikuwa 0.046, yaani takriban mara 46 katika kila majaribio 1,000. Kwa desturi iliyoenezwa na mwanatakwimu wa Uingereza, Ronald Fisher, kupitia kitabu chake cha mwaka 1925, matokeo yaliyo chini ya 0.05 huhesabiwa kuwa na uzito wa kitakwimu. Idete ilivuka mstari huo kwa unywele.

Thamani hiyo haimaanishi kwamba uwezekano wa chanjo kutofanya kazi ni asilimia 4.6, ingawa wengi huisoma hivyo. Inaeleza tu jinsi matokeo yangekuwa ya ajabu endapo chanjo isingekuwa na nguvu yoyote. Wala haisemi nguvu hiyo ni kubwa au ndogo kiasi gani.

Hapo ndipo masafa ya uhakika yanapohitajika. Njia hiyo, iliyofafanuliwa na Jerzy Neyman mwaka 1937, hutoa mipaka miwili badala ya namba moja. Utafiti ukirudiwa mara nyingi kwa utaratibu uleule, takriban masafa 95 kati ya kila 100 yatakayokokotolewa yatakuwa na thamani ya kweli ndani yake.

Kwa watoto wa Idete, masafa ya sifuri hadi 52 yalikuwa na maana kwamba takwimu zilizopatikana zilipatana na chanjo inayozuia nusu ya maradhi, na pia zilipatana na chanjo isiyozuia karibu chochote. Asilimia 31 ilikuwa kadirio la katikati tu.

Majibu yalitoka kwingineko. Mwaka 1995 jaribio la watoto wachanga nchini Gambia lilipata asilimia 8, masafa yakianzia chini ya sifuri (-18) hadi 29. Mwaka 1996 jaribio la watoto 1,221 nchini Thailand halikuonyesha kinga yoyote.

Kilombero nako SPf66 ilipimwa tena, safari hii kwa watoto wachanga 1,207 pamoja na chanjo zao za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalikuwa asilimia 2, masafa yakiwa kati ya -16 na 16. Hayo hayakuwa matokeo ya kusema "hatujui": mipaka ilikuwa imebana kiasi cha kuondoa matumaini ya kinga kubwa kwa watoto wa umri huo. Chanjo hiyo haikuingizwa katika huduma.

Mbinu hiyo hiyo ya kupima ndiyo iliyothibitisha mafanikio mengine ya Ifakara. Mwaka 2001 utafiti wa watoto wachanga 701 ulionyesha kuwa kuwapa dawa ya SP wanapopelekwa kliniki kwa chanjo kulipunguza malaria kwa asilimia 59, masafa yakiwa 41 hadi 72. Hata mpaka wa chini kabisa ulikuwa faida kubwa.

Mwaka huo huo, utafiti wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulivihusisha na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, masafa yakiwa 3 hadi 45. Faida ilikuwapo, ingawa ukubwa wake haukujulikana kwa usahihi.

Upana wa masafa hutegemea zaidi wingi wa watu na wa matukio ya ugonjwa yaliyohesabiwa. Kwa kawaida, kupunguza upana huo kwa nusu huhitaji washiriki mara nne zaidi. Ndiyo sababu majaribio makubwa hugharimu fedha nyingi na huchukua miaka.

Mfano ni chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, zikiwamo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania. Ripoti ya mwisho ya mwaka 2015 ilionyesha kuwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17, na kupata dozi nne, walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36.3 katika kipindi cha takriban miaka minne, masafa yakiwa 31.8 hadi 40.5.

Asilimia 31 na asilimia 36 hazipishani sana. Lakini ya kwanza ilikuwa na sifuri mpakani mwake, na ya pili ilikuwa na mpaka wa chini unaokaribia 32. Ya kwanza iliachwa. Ya pili ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Oktoba 2021 kuwa chanjo ya kwanza ya malaria kutumika kwa watoto wengi.

Kwa hiyo msomaji anapokutana na habari kwamba dawa fulani "imepunguza ugonjwa kwa asilimia kadhaa", swali la kwanza la kuuliza ni hili: kati ya ngapi na ngapi?