Watu 19 Waliobaki Uwanjani Hadi Alfajiri, na Timu Iliyokuja Kuwaaga Bila Mechi

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili 18, 1981, mkesha wa Pasaka. Baridi ilikuwa kali Pawtucket, mji mdogo wa viwanda katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Mashabiki 1,740 waliingia McCoy Stadium kuangalia besiboli: Pawtucket Red Sox, wenyewe wanawaita PawSox, dhidi ya Rochester Red Wings.

Mechi ya besiboli ina raundi 9. Zikiisha sare, wanaongeza raundi mpaka mshindi apatikane. Hakuna penalti.

Basi bwana, raundi ya 9 iliisha 1-1. Raundi ya 21 kila timu ikapata pointi moja, ikawa 2-2. Wachezaji wakawasha moto kwa magongo yaliyovunjika ili wapate joto. Mashabiki wakaondoka mmoja mmoja. Saa 10 na dakika 7 alfajiri, bosi wa ligi alipopatikana kwa simu, mechi ikasimamishwa baada ya raundi 32. Jukwaani walikuwa wamebaki watu 19 tu!

Mechi ilimaliziwa Juni 23. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo waandishi wa habari kibao wakahamia Pawtucket na uwanja ukajaa. Ikachukua dakika 18 tu. Raundi ya 33, kijana mmoja wa PawSox akapiga mpira ulioleta pointi ya ushindi, 3-2. Mpaka leo hakuna mechi ndefu kuliko hiyo katika besiboli ya kulipwa.

Sasa hapa ndipo utaelewa ligi ndogo ni kitu gani. PawSox walikuwa ngazi moja tu chini ya Boston Red Sox, na kila kijana pale alikuwa anasubiri simu ya kuitwa juu. Wawili waliocheza usiku ule, mmoja kila upande, waliishia kwenye jumba la heshima la besiboli. Lakini yule aliyemaliza mechi hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Jina lake linakumbukwa Pawtucket.

Klabu yenyewe ilikuwa imeshafilisika kabla ya hapo. Mwaka 1977 mzee mmoja aliyestaafu biashara ya nguo akainunua, na kwa mji uliokuwa na kiwanda cha kusokota pamba tangu 1793, huyo alikuwa mtu wao. Akaweka kiingilio cha bei poa, familia zikarudi. Watoto walikuwa na mtindo wao: wanakata dumu la maziwa, wanaweka mpira na kalamu ndani, wanalishusha kwa kamba hadi walipokaa wachezaji chini ya jukwaa, kisha wanavuta juu mpira ukiwa na saini. Mwaka 2005 waliingia watu zaidi ya 688,000 kwa msimu mmoja.

Mzee akafariki 2010. Mwaka 2015 klabu ikauzwa kwa matajiri wengine. Wao walitaka uwanja mpya, kwanza katika jiji jirani la Providence, ikashindikana. Yakaja mazungumzo ya kujenga Pawtucket kwa kutumia pia hela ya umma, nayo yakavunjika. Agosti 2018 wakatangaza wanahamia Worcester, jimbo la Massachusetts.

Msimu wa 2020 ndio ulikuwa uwe wa kuagana. Corona ikaufuta wote. Badala ya mechi, watu waliwekewa meza katikati ya uwanja, wakala chakula cha jioni pale pale walipozoea kuona mastaa, wakapiga picha, wakaenda nyumbani. Hiyo ndiyo ikawa kwaheri yao. Mwaka 2021 timu ikaanza maisha Worcester, na McCoy ukaja kubomolewa kupisha shule ya sekondari.

Ukweli unauma: mji ulikuwa na mapenzi, wenye klabu walikuwa na karatasi. Shabiki anaweza kuganda na baridi mpaka alfajiri kwa ajili ya timu yake, lakini siku ya kuhama haulizwi.

Wewe timu yako ikitangaza kesho inahamia mkoa mwingine, utaifuata au ndiyo basi tena?