Mvua na Vina: Ushairi wa Maumbile katika Nchi ya Ugogo

Katika eneo la Kikuyu mjini Dodoma, mahali kilipo leo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilichofunguliwa mwaka 2007, palikuwapo hapo kwanza shule ya sekondari iliyoitwa Alliance, na baadaye Mazengo, kwa jina la yule mtemi mashuhuri wa Mvumi. Na mgeni atokaye pwani au milimani, akifika hapo mwezi wa Oktoba, akayaona majani yaliyokauka, na vumbi jekundu, na mbingu isiyo na wingu hata moja, hukosa kufahamu ni uzuri gani wa maumbile uwezao kumtia mtu hamu ya kutunga beti. Nchi hii hupata msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili, nayo mvua yenyewe ni takriban milimita 570 kwa mwaka, na kuna miaka ambayo haifiki hata hapo.

Walakini mgeni huyo na asubiri jioni, asimame chini ya mbuyu. Mti huo, uliokaa miezi mingi bila jani, hufungua maua yake jua linapotua, maua makubwa meupe yaning'iniayo kwa vikonyo virefu, kila moja likitazama chini. Popo huyajia usiku kwa ajili ya asali yake, na kesho yake yamekwisha nyauka, yameanguka mchangani, yamegeuka rangi ya kahawia. Wenyeji hawayatazami kwa starehe peke yake, kwa kuwa aghalabu maua hayo hutangulia mvua, na mkulima ayaonaye huanza kuwaza habari za mbegu zake za mtama na uwele. Naona ndiyo sababu ushairi wa maumbile wa Ugogo haukupata kuwa pambo, maana mwenye kulisifu wingu hapa anasifu chakula cha wanawe.

Tangu kale mvua ilikuwa na sehemu yake katika utawala. Mtemi alikuwa ndiye mwenye amana ya mawe ya mvua, na heshima yake ilipanda na kushuka pamoja na mawingu. Nyimbo nazo zilikwenda na majira, kwa zeze, na marimba ya vyuma yapigwayo kwa vidole gumba, na ngoma ya muheme ipigwayo na wanawake. Marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa katika nchi hii mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, aliuchukua muziki huo hadi Bagamoyo, kisha Ulaya na Asia, nao ulipendwa na watu wasiojua hata neno moja la Kigogo.

Na mvua ikikosa? Kati ya mwaka 1917 na 1920 Ugogo ulipatwa na njaa ambayo wenyewe waliiita Mtunya. Majeshi ya Wadachi na ya Waingereza, yakipigana vita ambayo Wagogo hawakuwa na dai ndani yake, yalitwaa ng'ombe, yakatwaa nafaka, yakatwaa na vijana wa kubeba mizigo. Kisha ukame ukaja juu ya nchi iliyokwisha pokonywa akiba yake. Mwanahistoria Gregory Maddox ameeleza kwamba walikufa watu 30,000 katika 150,000. Katika mwaka ule ule wa 1917, huko Ihumwa, karibu na Dodoma, alizaliwa mtoto ambaye angekuja kuwa mshairi mkubwa wa nchi hii, Mathias Mnyampala.

Kiswahili cha mashairi kilifika bara kwa njia nyingi, na mojawapo ni ile reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya watungaji, na kwa njia hiyo karani wa stesheni au mwalimu wa kijijini aliweza kusoma beti za mtu wa Tanga au Lamu, akazihifadhi moyoni, akazinukuu barazani, na akiwa na kipaji akazijibu kwa bahari ile ile na vina vile vile. Shaaban Robert mwenyewe alihamishiwa Mpwapwa katika miaka ya 1940, katika Idara ya Wanyama. Na mtu akisoma barua alizokuwa akimwandikia nduguye Yusuf Ulenge, ataona jinsi shairi lilivyokuwa sehemu ya salamu na nasaha za watu wa zama zile, likimliwaza msomaji aliye mbali na kwao.

Mnyampala aliyapokea yote hayo. Alikuwa mwalimu, kisha karani, kisha liwali. Na mwaka 1954 alitoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, kabla ya *Diwani ya Mnyampala* iliyochapishwa mwaka 1963. Nastaajabia ujasiri wa mtu yule, maana arudhi aliyoishika, yenye mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho, ilikuwa imelelewa na watu wa bahari, wenye jahazi na pepo za kusi na kaskazi, naye akaitumikisha bila kuiomba radhi, akiwa mwana wa nchi ya mibuyu na migunga. Hata warina asali wa porini aliwapa kisa katika kitabu chao peke yao.

Wengi humkumbuka kwa ngonjera, ambazo kwa hizo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wanafunzi nchi nzima walijibizana majukwaani. Sifa hiyo ni haki yake, lakini imeifunika diwani, nami ningependa mwanafunzi wa Kikuyu aanzie kwenye diwani. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Maddox ameifasiri historia yake ya Wagogo kwa Kiingereza, ikatolewa mwaka 1995. Ama nyimbo za mvua za Kigogo, zile ambazo wazee wa Ihumwa na Mvumi wangali wakizijua kwa moyo, zinastahili nazo kuandikwa, Kigogo upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na kuwekwa katika rafu moja na vitabu vyake.