Mazoezi ya Furaha na Nafasi ya Msikilizaji: Ushahidi kutoka Zimbabwe, Kenya na Uganda

Orodha ya mazoezi ya furaha sasa inajulikana hata kwa asiyesoma saikolojia: andika kila jioni mambo matatu mema yaliyokupata, tembea kwa miguu, lala mapema, vuta pumzi kwa utulivu, toa ulicho nacho. Redio inaitangaza, makocha wa maisha wanaiuza kwenye semina za hotelini, na wahubiri wameitafutia aya. Sisemi kwamba orodha hiyo ni ya uongo. Sehemu yake imepimwa na kufaulu. Kasoro yake ni kuandikwa kana kwamba anayeifuata anaishi peke yake. Majaribio mazuri yaliyofanyika Afrika Mashariki na Kusini yanaonyesha kuwa manufaa ya zoezi hutegemea sana anayekufundisha, anayekusikiliza, na ulicho nacho mfukoni siku unapoanza.

Tuitazame shukrani kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa zaidi. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo waliyoyashukuru. Wenzao waliandika kero zao, na kundi la tatu likaandika matukio yoyote tu. Walioshukuru waliyatazama maisha yao kwa jicho jema zaidi. Miaka miwili baadaye Martin Seligman na wenzake waliripoti kuwa watu walioandika mambo matatu mema kila usiku kwa wiki moja, pamoja na sababu zake, walikuwa bado na furaha zaidi miezi sita baadaye. Tafiti hizo ndizo zinazotajwa kuyatetea madaftari ya shukrani yanayouzwa leo. Lakini ukimlinganisha anayeshukuru na anayehesabu kero, hujui kama shukrani imempandisha wa kwanza au kero zimemshusha wa pili. Cregg na Cheavens walipozijumlisha tafiti 27 mwaka 2021, walikuta kuwa athari ya shukrani katika kupunguza sonona na wasiwasi ipo, ila ni ndogo. Folk na Dunn nao, mwaka 2023, walizichambua mbinu tano zinazopendekezwa mno na vyombo vya habari: shukrani, kuchangamana na watu, mazoezi ya mwili, kutafakari, na kukaa kwenye mazingira ya asili. Walipoweka masharti magumu ya kitakwimu, tafiti zilizobaki mkononi zilikuwa chache.

Mazoezi ya mwili yana msingi imara zaidi. James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliwagawa watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na kuendelea, katika makundi matatu: la dawa ya sertralini, la mazoezi, na la vyote viwili. Baada ya wiki 16, makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Matokeo hayo ya 1999 yanatajwa kila mahali, lakini ni nadra kutajwa kuwa washiriki walifanya mazoezi kwa kundi, mara tatu kwa wiki, mbele ya msimamizi. Je, kilichowaponya ni mbio au ni wenzao? Jaribio lao la 2007 lilijaribu kuvitenganisha viwili hivyo. Kati ya waliofanya mazoezi kwa kundi walipona asilimia 45, waliofanya nyumbani asilimia 40, waliopewa dawa asilimia 47, na waliopewa kidonge bandia asilimia 31. Basi mwili wenyewe una kazi yake, na sitaki kuivuta hoja yangu kupita inapofika. Nitaongeza tu kwamba mkulima anayeshinda na jembe hajapungukiwa na jasho. Ushauri huo umewalenga watu wa kiti na meza.

Ushahidi unaonishughulisha zaidi unatoka Harare. Mwaka 2005 Zimbabwe ilikuwa na wataalamu wachache mno wa magonjwa ya akili, na mwaka huohuo serikali iliendesha bomoabomoa iliyoitwa Murambatsvina, iliyowaacha watu wengi wa mijini bila makazi. Dixon Chibanda, mmoja wa wataalamu hao wachache, amesimulia hadharani jinsi alivyompoteza mgonjwa aliyejiua baada ya familia yake kukosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Mwaka uliofuata alianza kazi katika kitongoji cha Mbare akiwa na mabibi 14 na mabenchi ya mbao yaliyowekwa nje ya kliniki. Bibi anasikiliza, aliyekuja anayataja matatizo yake yote, anachagua moja linaloweza kushughulikiwa, wanapanga hatua pamoja, kisha anarudi kueleza amefikia wapi. Chibanda alikusudia liitwe benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia hakuna atakayelikalia, wakashauri liitwe la urafiki.

Jaribio la mpango huo lilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA. Kliniki 24 za Harare zilihusika, zikiwa na washiriki 573. Baada ya miezi sita, asilimia 13.7 ya waliokaa benchini walikuwa bado na dalili za sonona, ilhali katika kundi linganishi, lililopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, walikuwa asilimia 49.9. Tofauti kubwa kiasi hicho haipatikani kwa urahisi katika fani hii. Tangu hapo wazo hilo limefika Malawi, Zanzibar na hata New York.

Wapo watakaosema papo hapo: huo ndio utu wetu, umoja wa jadi unaponya. Naukataa usomaji huo. Waliokuja benchini hawakuwa wapweke wa ghorofani. Waliishi katikati ya ndugu na majirani, na mara nyingi maumivu yalitoka hukohuko, kwa mume, kwa wakwe, kwa wadai, kwa walionyanyapaa. Zaidi ya theluthi moja ya washiriki walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Bibi aliwapa kitu ambacho nyumba yao haikuweza kuwapa. Anatoka mtaa uleule, anajua bei ya unga na maana ya kufukuzwa na mwenye nyumba, lakini hamo katika ugomvi wa mirathi. Amefunzwa, ana utaratibu wa kufuata, ana msimamizi, na analazimika kutunza siri. Baraza zetu za Pwani, pamoja na kahawa na bao lake, hazijawahi kutoa huduma ya namna hiyo. Mwanamume hawezi kupeleka barazani habari kwamba anafikiria kufa. Kesho mtaa mzima utakuwa nayo. Wanawake, kwa sehemu kubwa, hata nafasi ya kuketi pale hawakuwa nayo. Ujirani ni malighafi tu, na Harare waliifanyia kazi.

Kenya inatupa ulinganisho mwingine, na huo unatibua mambo. Mwaka 2017 Richard Bryant na wenzake walichapisha jaribio lililowahusu wanawake 518 wa vitongoji vya Nairobi, lililolenga walionusurika ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii wasio wataalamu waliwapa vikao vitano vya programu ya Shirika la Afya Duniani: kutuliza mwili, kutatua tatizo moja moja, kurudia shughuli zilizoachwa, kutafuta wa kukuunga mkono. Msongo ulipungua kuliko kwa wanawake waliopata huduma ya kawaida. Kisha, mwaka 2020, Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro wakatoa matokeo ya programu hiyohiyo katika vijiji vya Kenya, kwa watu 5,756. Baadhi yao walipewa mazungumzo ya wiki tano, baadhi fedha taslimu zenye thamani ya dola 1,076 kwa kipimo cha uwezo wa kununua, baadhi vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa fedha walikuwa na mali zaidi na ustawi bora wa kihisia. Kwa waliopewa mazungumzo peke yake hakukuonekana badiliko lolote linalopimika.

Wapo waliofurahia matokeo hayo kama ushahidi kwamba maskini anahitaji pesa, si maneno. Haraka hiyo inaruka jambo moja. Wanawake wa Nairobi waliingia kwenye jaribio baada ya kupimwa na kukutwa na msongo. Wanavijiji hawakuchaguliwa kwa kigezo hicho. Dawa ya malaria haimwongezei nguvu asiye na malaria. Pamoja na hayo, nusu ya pili ya matokeo haikwepeki: fedha zilileta utulivu wa moyo kwa watu ambao hakuna aliyewaita wagonjwa. Mwandishi wa ushauri wa furaha anayemwambia mwenye deni la karo aandike mambo matatu mema, bila kuuliza habari za karo, amechagua kutoona sehemu ya ushahidi.

Uganda ilikuwa imetangulia. Katika nusu ya vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, zilizoumizwa vibaya na UKIMWI, Paul Bolton na wenzake walianzisha vikundi vya mazungumzo, wanaume kwao na wanawake kwao, vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16 vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya walioingia vikundini walikuwa na vigezo vya sonona kali. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji linganishi idadi ilishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Takwimu hii ya pili ina somo lake, kwa sababu wengi walipata nafuu bila kikundi chochote, na kila anayeuza mbinu yake kwa ushuhuda wa waliopona anajihesabia na hao.

Kuhusu kutoa, Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walionyesha mwaka 2008 kuwa watu waliopewa pesa wazitumie kwa wengine walimaliza siku wakiwa na furaha zaidi kuliko waliojinunulia vitu. Mwaka 2013 Aknin na wenzake walipata uhusiano wa aina hiyo katika nchi 120 kati ya 136, na majaribio yao ya Kanada na Uganda yakauunga mkono. Kwetu, hata hivyo, kutoa mara nyingi huja na kadi ya mchango wa harusi na kundi la WhatsApp linaloandika nani ameahidi na nani hajalipa. Pamela Jakiela na Owen Ozier, katika majaribio yao magharibi mwa Kenya yaliyochapishwa 2016, waliona wanawake wakikubali kipato kidogo ili ndugu waliokuwepo wasijue walichopata. Weinstein na Ryan walikuwa wameshabaini mwaka 2010 kuwa kusaidia humwinua msaidizi pale anapoamua mwenyewe. Ushauri wa kutoa, ukiletwa Dar es Salaam au Kisumu bila tofauti hiyo, unamwongezea mzigo mtu ambaye tayari amechangishwa hadi akaisha.

Mfano wa namna zoezi linavyoweza kuhamishwa vizuri upo Kenya. Tom Osborn na wenzake wa taasisi ya Shamiri waliwafundisha vijana 413 wa sekondari, wenye dalili za sonona au wasiwasi, mambo matatu: kwamba uwezo wa mtu hukua, shukrani, na kuyatambua yale unayoyathamini. Shukrani ni ileile ya Emmons. Tofauti ni kwamba ilifundishwa vikundini, saa moja kwa wiki kwa wiki nne, na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi. Kundi linganishi, lililofundishwa mbinu za kusoma, nalo lilipata nafuu. La Shamiri lilipata zaidi, kwa mujibu wa matokeo ya 2021.

Jaribio ambalo sijaliona bado, na ambalo vyuo vyetu vina uwezo wa kulifanya, ni la vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Vikundi hivyo tayari hukutana kila wiki, vina kiongozi, na vina sanduku la fedha. Vigawanywe kwa nasibu: kimoja kiongezewe saa ya mazungumzo yenye utaratibu, kingine fedha sawa na gharama ya saa hiyo, kingine vyote, na cha nne kiachwe kilivyo. Msimamizi wa mazungumzo asiwe mweka hazina wala mdai wa yeyote aliyemo, kwa sababu hakuna atakayemfungulia moyo anayemdai. Alipwe pia. Wasikilizaji wa Harare walikuwa watumishi wa idara ya afya ya jiji, si watu wa kujitolea kwa fulana na chai ya semina. Na kipimo kichukuliwe baada ya mwaka mzima, ukiwemo msimu wa njaa na mwezi wa karo, kwa dodoso lililotungwa na kujaribiwa kwa Kiswahili tangu mwanzo.