Habari za Kenya?

Nilivuka feri ya Likoni saa kumi na moja alfajiri, mimi na Boxer yangu ya cc 150, katikati ya wauza samaki, mikokoteni na watu wa shifti wanaokimbilia bandarini. Nyuma ya kiti nilikuwa nimefunga dumu la petroli la lita tano, tyubu mbili, spana, shuka, na pakiti ya halua ambayo mama alinilazimisha kuibeba.

"Huendi kwa watu mikono mitupu," alisema.

"Watu gani, mama? Moyale sina mtu."

"Basi utapata."

Wenzangu wa stejini waliniona nimerukwa na akili. Pikipiki ya kubebea abiria na magunia ya viazi, uipande kutoka Mtongwe hadi mpaka wa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,200 kwenda peke yake? Niliwaambia nataka kuona barabara inapoishia. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ilianzia Changamwe, kwenye kibanda cha chai karibu na yadi ya malori, ambapo dereva mmoja mtu wa Marsabit aliniambia, bila kuchekesha wala kulalamika: "Mzigo ukishuka, naondoka huku Kenya, narudi nyumbani."

Huku Kenya. Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama. Mimi nimekulia Likoni, mahali ambapo miaka ile ya 2010 hadi 2013 ukuta wowote mweupe ulikuwa ukiamka asubuhi umeandikwa "Pwani si Kenya." Vijana wa mtaani kwetu walipigwa na kufungwa kwa maneno hayo matatu. Na huyu hapa mtu wa upande mwingine kabisa wa ramani, anayanena yaleyale na sukari ya chai mdomoni. Kumbe Kenya ni mahali katikati, na sisi wawili tunaitembelea kikazi.

Nikaanza kusoma. Kabla ya uhuru kulikuwa na vipande viwili vya nchi ambavyo Mwingereza mwenyewe alikuwa hajui avifanye nini. Kimoja ni chetu: ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar na ukaendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa 1895. Ndiyo maana jina rasmi la nchi baada ya 1920 lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Koloni ni bara, himaya ni sisi. Mwaka 1961 aliletwa James Robertson kuchunguza hatima ya ukanda huu, akapendekeza uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakakubaliana huko London, Makadhi wakaahidiwa kubaki na hati za ardhi zikaahidiwa kuheshimiwa, na mambo yakaisha. Au yaliisha kwenye karatasi, manake habari ya hati za ardhi Likoni ukiianza leo hutalala.

Kipande cha pili ni Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD kwa herufi za Kiingereza: Isiolo, Marsabit, Moyale, Wajir, Mandera, Garissa. Huko nako ilikwenda tume, mwaka 1962. Ilikuta kwamba wengi, hasa Wasomali, wanataka kujiunga na Somalia, na wengine, Waborana wengi wakiwemo, hawataki. London ikasoma ripoti na haikuitekeleza. Kabla 1963 haijaisha vita vikawa vimeanza.

Kwa hiyo safari yangu ilikuwa hiyo: kutoka ukingo mmoja ulioulizwa hadi ukingo mwingine ulioulizwa.

Siku ya kwanza sina la kuwasimulia. Mariakani, Voi, Mtito Andei, malori, upepo wa malori, moshi wa malori. Mwenye pikipiki ndogo kwenye barabara ile ni mgeni asiyealikwa. Nililala Athi River mikono ikitetemeka kama bado nimeshika usukani. Siku ya pili nikazunguka chini ya Mlima Kenya, baridi ikanitafuna hadi nikavaa shuka shingoni kama mlinzi wa usiku, halafu ghafla barabara ikateremka, joto likarudi, nikaona misikiti na ngamia. Isiolo.

Hapa ndipo lango lilipokuwa. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kufunga wilaya nzima, mgeni asiingie bila kibali. NFD ikafungwa. Sheria nyingine ya 1934 ikaongeza mamlaka ya kuzuia jamii nzima zisihame zilikopangiwa. Mfugaji wa kaskazini hakuweza kuteremka upande wa Nyeri na Nanyuki akitaka, na mifugo yake ilikwama kwenye karantini Isiolo. Sababu iliyotajwa ilikuwa magonjwa ya ng'ombe. Jirani kule juu walikuwa masetla wa Laikipia na ng'ombe wao wa kizungu, kwa hiyo jaza mwenyewe.

Serikali ilipoifunga kaskazini namna ile, iliifanya pia kuwa mahali pa kutupa watu. Harry Thuku, aliyekamatwa Nairobi mwaka 1922, alipelekwa kwanza Kismayu na baadaye Marsabit; hakuachiliwa hadi mwisho wa 1930. Kenyatta na wenzake wa Kapenguria walifungwa Lokitaung, huko Turkana. Sisi wa Pwani tunamjua wetu, Mekatilili wa Menza, ila yeye mwaka 1913 walimpeleka Kisii. Wakubwa walikuwa na ramani ya nchi kichwani ambayo kila pembe yake ni jela ya watu wa pembe nyingine.

Pale Isiolo nilikula kwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na soko. Alipojua natoka Mombasa akamwita mjomba wake, mzee Mborana wa Garba Tula aliyejua Kiswahili cha zamani, cha jeshini. Nilimuuliza kuhusu vita vya shifta. Akasema kwao hawaviiti hivyo. Wanaiita Gaafa Daaba, wakati wa simama. Watu walikusanywa kwenye kambi zilizozungushiwa seng'enge, ngamia wakapigwa risasi, na mwenye kuonekana nje ya kambi alikuwa shifta tayari, haulizwi. "Mfugaji ukimwambia simama," alisema mzee, "umemuua. Risasi ni ya nini tena?"

Vita vilimalizwa kwa mapatano ya Arusha, Oktoba 1967. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia yeyote kudai fidia kwa yaliyofanywa na maafisa wa serikali huko kaskazini. Utawala wa hali ya hatari wenyewe haukuondolewa hadi 1991. Mimi nilikuwa nadhani hali ya hatari ya Kenya ni ile ya Mau Mau. Ile ilidumu miaka saba na kidogo. Hii ya kaskazini ilikaribia thelathini, na shuleni hatukufundishwa hata mstari mmoja.

Asubuhi niliondoka na tanki limejaa. Jamani, ile barabara! Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500 za lami nyeusi, laini, iliyokamilika mnamo 2017 baada ya kujengwa kipande kwa kipande kwa miaka kumi hivi. Archers Post, mlima wa Ololokwe umekaa kama meza ya jitu, Laisamis, Logologo, halafu unapanda ukungu na msitu wa Marsabit. Dereva wangu wa Changamwe alinisimulia jinsi zamani abiria walivyosafiri juu ya malori ya ng'ombe, wameshikilia vyuma, siku mbili tatu, kwa msafara wenye askari kwa kuhofia majambazi. Lami haikuchelewa kwa bahati mbaya. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza penye uwezo mkubwa wa kuzalisha. Yaani penye mvua na reli. Kaskazini ikaambiwa ingoje, ikangoja miaka hamsini.

Marsabit nilimkuta Mjerumani mwenye pikipiki kubwa kama ng'ombe wa Boran, anaelekea Cape Town. Aliitazama Boxer yangu kwa heshima niliyoipenda sana. Jioni akanionyesha picha za safari yake nyingine, Nordkapp, kaskazini kabisa mwa Norway, ambako jua la Juni halitui. Akasema zamani mtu alivuka kwa feri kufika kwenye kile kisiwa, mpaka walipochimba njia chini ya bahari mwaka 1999. Nikamwambia sisi Likoni bado tunangoja yetu. Akaniambia kule wenyeji ni Wasami, wafugaji wa kulungu wa baridi, na hapo tukaachana, yeye kusini, mimi kaskazini.

Niliporudi nyumbani nilisoma habari za hao Wasami. Mwaka 1902, mwaka uleule wa sheria yetu ya Wilaya za Pembezoni, Norway ilipitisha sheria kwamba ardhi ya serikali kwenye mkoa wao wa Finnmark iuzwe tu kwa raia anayesema, kusoma na kuandika Kinorwe. Msami asiyejua Kinorwe hakuweza kununua ardhi aliyozaliwa juu yake. Ilidumu hadi 1965. Sijui niseme nini juu ya hilo, ila kwamba wafugaji wanaohama wanaziudhi serikali hata penye theluji.

Baada ya Marsabit ni jangwa la Dida Galgalu, mawe meusi hadi macho yachoke, upepo wa ubavuni unaoisukuma pikipiki nyepesi kama mtu aliyelewa. Bubisa, Turbi, Sololo. Moyale niliingia saa kumi jioni. Barabara haikuishia pale, bila shaka. Inavuka geti na kuendelea Addis. Mzee mmoja aliyekaa nje ya duka aliniona navua helmeti, akaniita.

"Habari za Kenya?"

"Mimi sijui, mzee. Mimi natoka Mombasa."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamfungulia halua. Mama alikuwa sahihi, kama kawaida yake.

Kwenda, nilisimamishwa mara mbili tu, na mara moja ilikuwa askari anataka kujua pikipiki inakula mafuta kiasi gani. Kurudi, barabara ileile ikawa nyingine. Kizuizi baada ya kizuizi. Kwenye kimoja, kusini mwa Marsabit, basi zima lilikuwa limeshushwa, abiria wamepanga foleni juani, kila mtu kitambulisho mkononi kama mtoto wa shule na daftari.

"Toa kitambulisho. Unatoka wapi?"

"Moyale, afande."

"Kwenu?"

"Likoni."

Alilisoma jina langu, lenye "bin" katikati, kwa sauti, mara mbili. "Wewe ni kabila gani?"

Swali hilo nalijua. Nilipofika miaka kumi na minane niliwekwa mbele ya kamati ya wazee kwenye ofisi moja huko kwetu, nikaambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha babu, mtu aliyezaliwa kabla Kenya haijaitwa Kenya. Ilichukua mwaka na nusu. Majirani zetu Wamakonde wa Kwale waliona makubwa zaidi. Mwaka 2016 ilibidi watembee kwa miguu hadi Nairobi ndipo watambuliwe kuwa raia. Februari 2025 rais alitangaza kwamba kamati hizo za kuhoji watu wa mipakani zimefutwa. Afande wangu labda tangazo lilikuwa halijamfikia.

"Mswahili," nilisema.

"Hilo si kabila."

Nilinyamaza. Akaigeuza kadi, akaitazama Boxer, vumbi lake, dumu tupu la petroli. "Na hii imekufikisha Moyale?" Akatikisa kichwa, akanirudishia. "Haya, enda."

Nilipiga kiki. Kwenye kioo foleni ilikuwa palepale, na kijana wa mbele, rika langu, alikuwa anaambiwa afungue begi lake.