Safura: Neno, Mnyoo na Mja Mzito wa Ziwani

Neno safura limetoka katika Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya umanjano na ya nyongo. Waswahili walilipokea wakamvisha nalo mgonjwa wao: aliyepauka viganja, aliyevimba miguu, anayetweta kwa mwendo wa hatua chache, na ambaye mara nyingi hutamani kula udongo. Baadaye minyoo inayonyonya damu matumboni nayo ikaitwa ya safura. Hivyo neno moja likabeba rangi, maradhi na mdudu.

Mwaka 1870, David Livingstone akiwa Manyema, mashariki ya Kongo, aliliandika neno hilo katika shajara yake, akilitaja kuwa jina la Unguja la ugonjwa wa kula udongo. Alieleza kuvimba kwa miguu na kukatika pumzi, akataja kwamba wanawake wa Manyema wakiwa wajawazito hula udongo, na akakanusha kuwa watumwa waliula ili wajiue. Kanusho hilo lilikuwa na uzito. Huko West Indies wenye mashamba waliwafunga watumwa vinyago vya bati vinywani ili wasile udongo. Mgonjwa aliadhibiwa kwa dalili ya ugonjwa wake.

Mdudu mwenyewe alikwisha kuonekana. Angelo Dubini alimkuta Milan mwaka 1838 ndani ya maiti ya mwanamke mkulima, na mwishoni mwa karne hiyo Arthur Looss, akiwa Cairo, akagundua kuwa viluwiluwi vyake hupenya ngozi. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alipitia nyayo zisizo na viatu.

Katika mwambao wa Ziwa Victoria, ambalo Speke alilifikia Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, safura ina mwenzake: kichocho cha tumbo. Kimelea chake hulelewa na konokono wa majini, kisha humwingia mtu achotaye maji, afuaye au avuaye. Kazi mbili za mwanzo ni za wanawake, na ujauzito hauzisimamishi. Mwaka 1949 palianzishwa Mwanza kituo cha utafiti wa maradhi, ambacho baadaye kilikuja kuwa sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliowapima wajawazito 972 wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, ulikuta karibu theluthi mbili wana kichocho, zaidi ya nusu wana safura, na karibu theluthi mbili wamepungukiwa damu. Waliokuwa na kichocho kikali walikuwa katika hatari zaidi.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ilipatikana tangu miaka ya 1970, lakini wajawazito na wanaonyonyesha walinyimwa kwa tahadhari. Tahadhari hiyo ilikuwa na gharama: mwanamke anayezaa na kunyonyesha mfululizo aliweza kupitisha miaka mingi bila tiba, huku maji yale yale yakimwambukiza tena. Mwaka 2002 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza wanawake hao nao watibiwe.

Hata hivyo dawa peke yake haijazi damu. Jaribio kubwa la Entebbe, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, lilionyesha mwaka 2010 kuwa kuwapa wajawazito dawa za minyoo hakukubadili sana hali ya damu yao wala uzito wa watoto. Malaria nayo huiharibu damu, lishe duni huinyima madini ya chuma, na mtoto tumboni hudai haki yake.

Nao udongo ungali unaliwa. Mwaka huo huo wa 2010, utafiti kisiwani Pemba ulihusisha kula visivyo chakula na upungufu wa damu. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kuwa katika maeneo ya wachimbaji dhahabu ya Geita, karibu nusu ya wajawazito walikula udongo, na ndani ya udongo huo mlikuwamo arseniki. Anayemcheka mwanamke huyo, au kumwita mvivu kwa kutweta kwake, anarudia kosa la wenye vinyago vya bati. Waliolitunga neno safura waliuona weupe wa viganja vyake wakauita ugonjwa; hawakuuita aibu.