Kinga Iliyolala

Ugonjwa wa mimea una siasa yake. Shuleni walitufunza fangasi, tukachora majani yenye madoa kwa penseli, tukapata alama zetu na maisha yakaendelea. Hakuna aliyetuambia kwamba katika Kenya ya mkoloni, ugonjwa ulikuwa mojawapo ya sababu za kumzuia Mwafrika kupanda kahawa. Masetla walidai kwamba mashamba yetu yangekuwa machafu, yangezalisha wadudu na magonjwa, kisha yote yahamie kwa jirani Mzungu. Kisii na Meru waliruhusiwa kidogo kidogo kuanzia miaka ya 1930. Kule Murang'a, watu wa kina cucu yangu walingoja hadi miaka ya 1950, wakati wa Mpango wa Swynnerton.

Sasa angalia tarehe. Ugonjwa mbaya zaidi wa kahawa yetu, ule unaoozesha tunda likiwa bado la kijani, likawa jeusi na kukauka mtini, ulionekana mara ya kwanza hapa Kenya mwaka wa 1922. Wakati huo karibu kahawa yote nchini ilikuwa ya masetla. Hakukuwa na mkulima mdogo wa kulaumiwa.

Kutoka Ngara, ninakoishi, historia iliyofuata ilienda pande mbili. Upande wa magharibi kuna Kabete, ambako miaka ya 1930 maabara ya Scott ilichagua miti bora ya kahawa na kuipa herufi SL na nambari. SL28 bado inasifiwa na wanywaji wa kahawa duniani kwa utamu wake. Shida ni kwamba haina nguvu mbele ya ugonjwa ule. Upande mwingine, ukifuata barabara ya Thika, kuna Ruiru, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa. Huko kazi kubwa ikawa kutafuta jinsi ya kuilinda miti hiyo mitamu.

Jibu la kwanza lilikuwa dawa ya shaba, inyunyizwe tena na tena msimu mzima wa mvua. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wakaandika jambo la kushangaza: shamba lililozoeshwa dawa kisha likaachwa linaweza kuugua kuliko lile ambalo halijawahi kuguswa. Maelezo mojawapo ni kwamba dawa huua pia vijidudu visivyo na madhara vinavyoishi kwenye gome na kugombania nafasi na fangasi. Unafukuza mwizi pamoja na majirani. Benomyl nayo, dawa mpya ya wakati huo, ilifanya kazi vizuri, lakini kabla muongo haujaisha tayari kulikuwa na fangasi isiyoiogopa.

Kwa mkulima, hiyo historia ni hesabu. Dawa, pampu, maji ya kuchota, kijana wa kulipwa apulize, na mvua ikinyesha jioni unarudia. Cucu alikuwa analipa haya yote kabla ya kujua kiwanda kitamlipa ngapi kwa kilo.

Mimi nilisoma biokemia miaka miwili, karo ikaisha, nikatoka. Kitu nilichobaki nacho ni hadithi ya aspirini. Mwaka wa 1961, Mmarekani A. Frank Ross aliambukiza majani ya chini ya tumbaku kwa virusi. Baadaye alipoambukiza majani ya juu, madoa yalikuwa machache na madogo zaidi. Mmea ulikuwa umepeleka habari juu. Kisha mwaka wa 1979, katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, Raymond White alidunga aspirini kwenye majani ya tumbaku, na majani yakapigana na virusi vizuri zaidi. Aspirini hii hii ya dukani. Mwaka wa 1990 ikathibitishwa kwamba mmea unapougua hujitengenezea wenyewe asidi ya salisiliki, ndugu wa aspirini, na kuitumia kama king'ora.

Lakini king'ora kikilia mchana na usiku, mtaa haulali. Kujilinda kunagharimu mmea. Mwaka wa 2000, Martin Heil na wenzake walionyesha kwamba ngano iliyowekewa kemikali ya kuamsha kinga, bila ugonjwa wowote kuja, ilizaa mbegu chache zaidi. Ndiyo maana ugunduzi wa Heinrich Kauss na Uwe Conrath kule Ujerumani, miaka ya 1990, ni muhimu. Walizipa chembe za parsley, binamu wa dhania, kiasi kidogo cha kemikali hizi. Kwa muda hakuna kikubwa kilichotokea. Lakini adui alipoguswa tu, chembe zilijibu kwa nguvu kuliko zile ambazo hazikuandaliwa. Mmea haukuwa unapigana; ulikuwa macho. Huko ndiko kuandaa kinga. Haiponyi mmea uliokwisha kuugua, na haizuii kila kitu. Inaupa mmea dakika za kwanza, na vita vingi huamuliwa hapo.

Japani ilikuwa ishaanza kuuza kemikali ya namna hii kwa wakulima wa mpunga tangu miaka ya 1970. Ulaya ikafuata na yake ya ngano mwaka wa 1996. Unaona hadithi inakoelekea: nguvu iliyo ndani ya mmea, ukiuziwa ufunguo kwenye chupa.

Ndiyo maana napenda utafiti wa mwaka wa 2011 uliofanywa na Icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka wa 1970 na yenye makao Kasarani, pamoja na Rothamsted ile ile ya aspirini. Hapa adui ni mdudu, nondo anayetoboa mahindi. Nondo alipotaga mayai tu kwenye mbegu fulani za kienyeji za Amerika ya Kusini na Karibi, mmea ulitoa harufu iliyoita nyigu wadogo wanaoshambulia mayai na viwavi. Ulijilinda kabla haujaumwa hata mara moja. Mahindi ya kisasa yaliyopimwa nayo yalinyamaza.

Tulipochagua mbegu kwa ukubwa wa gunia, hakuna aliyeuliza kama bado inaweza kuita msaada. Ruiru walijaribu kuuliza swali kama hilo kwa kahawa. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka wa 1985, ilibeba kinga yake ndani ya mbegu, na Batian ikafuata mwaka wa 2010. Hiyo ni kinga ya kuzaliwa, tofauti na ya kuamshwa, lakini zote zinahamisha ulinzi kutoka kwenye pampu kwenda kwenye mmea.

Magharibi kupita Kabete, kule Muguga, taifa linahifadhi mbegu za zamani kwenye baridi. Watu huziona kama makumbusho. Mimi naona kwamba baadhi yake huenda bado zinajua kupiga mayowe, na mkulima hatalazimika kununua mayowe hayo kila msimu.