Kapita wa shantiye

Mbele ya kusema «surveillant», sisi hapa tulisema kapita. Neno ni la Kireno, capitão, lakini tumelifanya letu. Mu 1910 reli ilifika toka Rhodesia, Wangermée akachora barabara za kunyooka, na mji ukaomba matafari mengi. Udongo wake mzuri ulitoka mu vichuguu.

Kapita njo alisimama kati ya muzungu na bamasoni. Asubuhi anahesabu batu, anavuta kamba, anaangalia kama ukuta umesimama sawa. Ukipinda, yeye njo wa kwanza kuulizwa.

Na mangaribi? Ile nyumba aliyoipima hakuwa na haki ya kulala ndani. Mji ulikuwa wa bazungu. Mweusi aliyebaki usiku ni boi, kule nyuma mu boyeri. Kapita alirudi cité, ile ya Albert, leo Kamalondo. (Mutu anajua kila tafari, lakini kitanda chake kiko ngambo!)

Dekrée ya 20 Juni 1957 ikasema hakuna kujenga bila ruhusa. Basi macho yakawa mawili: wa ofisi anaangalia karatasi na anaenda zake, kapita anabaki na kamba mpaka mabati yapande.